Moyo wa Jiwe

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wazee wengi hawakuzoea kulisikia katika mafundisho, yaani mchezo wa kompyuta. Tafadhali msifunge redio.

Nyumbani kwetu yupo kijana wa miaka 19. Usiku mmoja wa likizo tulimkuta sebuleni saa tano, angali mbele ya kompyuta. Tuliingia na maneno ya kukemea yakiwa tayari mdomoni. Akasema, "Baba, Mama, hebu ketini kidogo. Nimefika mahali pagumu." Tukaketi.

Mchezo wenyewe waitwa The Witcher 3: Wild Hunt. Ulitengenezwa Poland na kampuni ya CD Projekt Red, ukatolewa Mei 2015. Una damu nyingi na mambo yasiyofaa watoto, na hatumshauri mtu kuwapa watoto wake. Mchezaji humwongoza Geralt, mtu anayelipwa kuwinda mazimwi. Hutembea apendako katika nchi kubwa ya kubuniwa, mijini na misituni, akichagua mwenyewe kazi ya kufanya. Baadaye zilitolewa nyongeza mbili zenye hadithi mpya. Ya pili, Blood and Wine, ilitoka Mei 2016 nayo ina nchi nzima ya mashamba ya mizabibu. Ya kwanza ilitoka Oktoba 2015, nayo ni fupi, kama saa 10 hivi za kucheza. Yaitwa Hearts of Stone, yaani Mioyo ya Mawe. Hiyo ndiyo kijana wetu aliyokuwa akiicheza.

Ndani yake yumo bwana mmoja, Olgierd von Everec, ambaye ukoo wake ulifilisika. Kwa sababu ya umaskini huo, wazazi wa mchumba wake Iris walivunja uchumba. Olgierd akafanya mapatano na mtu wa ajabu aitwaye Gaunter O'Dimm, aliyejiita mchuuzi wa vioo. Akapata mali, akamwoa Iris, hata kifo kikashindwa kumgusa. Lakini ndugu yake Vlodimir alikufa kwa ajili ya mapatano hayo. Na moyo wa Olgierd ukawa mgumu polepole, hata asiweze kumpenda mke yule aliyemtafuta kwa gharama kubwa namna ile. Iris akafa katika upweke.

Watu wa Poland wana ngano ya kale ya Twardowski wa Kraków, aliyemwuzia shetani roho yake kwa sharti kwamba achukuliwe Roma tu. Akaapa moyoni kwamba hatakwenda Roma kamwe. Siku moja akaingia katika nyumba ya wageni, na kumbe jina la nyumba ile lilikuwa Roma. Olgierd naye alidhani amejikinga. Deni lake lingedaiwa tu siku yeye na O'Dimm watakaposimama juu ya mwezi. Siku ikafika, akatazama chini, akaona amesimama juu ya picha ya mwezi iliyopambwa sakafuni.

Hapo ndipo kijana wetu alipokuwa amesimama. Geralt aweza kukaa kando na kupokea zawadi yake, au aweza kuingia kati na kuweka roho yake mwenyewe rehani, ajibu kitendawili cha O'Dimm. Akatuuliza, "Ninyi mngefanyaje?"

Tukajibu upesi, "Mwache. Alijitakia mwenyewe."

Akatutii. Olgierd akafa, Geralt akapata zawadi yake. Kisha kijana akasema bila kututazama, "Hivyo ndivyo mlivyosema juu ya Baba Mdogo."

Ndugu zetu, maneno hayo yalituchoma. Baba Mdogo wake ni ndugu yetu aliyepoteza fedha za duka katika kamari, akakopa, akakopa tena. Alikuja mlangoni petu mwaka uliopita. Tulimpa chai, tukamwambia avune alichopanda. Tangu siku hiyo hatukujua alikolala.

Kijana akarudi mahali alipokuwa ameuhifadhi mchezo, akachagua njia ile nyingine. Saa ilikuwa inakimbia, na mara mbili alishindwa. Mara ya tatu akakipata jibu. Olgierd akafunguliwa, akabaki mtu wa kufa kama watu wote, akaenda kuanza maisha mapya.

Katika mchezo mtu aweza kurudi nyuma na kuchagua tena. Sisi hatuwezi kuurudisha mwaka ule wala kikombe kile cha chai. Lakini maadamu ndugu yu hai, mlango haujafungwa.

Someni Ezekieli sura ya 36, mwone Mungu anavyoahidi kuuondoa moyo wa jiwe. Tulikuwa tumeisoma mara nyingi tukiwafikiria wengine. Usiku ule tuliona kwamba jiwe lilikuwa kifuani mwetu. Tena someni Luka 15, mwone ndugu mkubwa amesimama nje ya nyumba, akihesabu makosa. Hesabu zake zilikuwa sahihi, naye alikuwa nje. Bwana wetu angeweza kusema juu yetu kwamba tulijitakia, na angekuwa amesema kweli. Yeye aliingia kati.

Tulimtafuta ndugu yetu majuma mawili, tukamkuta akilala katika ghala la rafiki yake. Hatukumpa fedha mkononi. Kila Jumamosi jioni twaenda pamoja naye kwa wanaomdai, mmoja mmoja, tukilipa kidogo kidogo. Deni halijaisha. Mara mbili ameirudia kamari, na mara ya pili tulikaribia kusema tena neno lile. Tungali twaenda.

Msikilizaji mpenzi, ni nani uliyemwambia kwamba alijitakia mwenyewe? Je, wajua alikolala usiku huu?

Tuombe. Ee Baba, Wewe hukukaa kando tulipodaiwa. Tuondolee moyo wa jiwe, utupe miguu ya kumfuata ndugu yetu kungali mchana. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.