Nani Aione Data, na Lini?



Februari 1996, kisiwani Bermuda, watafiti wa jenomu ya binadamu walikutana kuamua herufi za DNA wanazozisoma kila siku ziwe mali ya nani. John Sulston, mkuu wa Kituo cha Sanger huko Hinxton, Uingereza, aliandika mapendekezo kwa mkono wake. Kipande chochote kinachozidi herufi elfu moja kiwekwe hadharani, ikiwezekana siku hiyohiyo, bila kungoja makala wala kukimbilia hataza. Watu waliozoea kufungia matokeo kabatini mpaka jarida liyakubali, wakaridhia.

Waliridhia kwa sababu walimjua anayesema. Kabla ya hapo Sulston alikuwa ameinamia hadubini saa kwa saa, akitazama seli za kiinitete cha mnyoo wa milimita moja zikigawanyika, akichora kila mgawanyiko. Mnyoo huyo akikomaa ana seli 959 za mwili, na ukoo wa kila moja ukajulikana. Baadaye yeye na Robert Waterston wa St. Louis, Marekani, walichora ramani ya jenomu ya mnyoo huyo, wakawagawia watafiti wengine hata kabla haijakamilika. Huko Bermuda aliwaomba wenzake watoe kile ambacho yeye alikwisha kukitoa. Naamini hapo ndipo kiongozi wa utafiti anapougusa uvumbuzi: anaamua nani aione data na lini, na yeye mwenyewe anatangulia.

Uamuzi huo una uzito unaopimika. Kampuni ya Celera, iliyoongozwa na Craig Venter, nayo ilisoma jenomu ya binadamu, lakini data yake ilipatikana kwa malipo na masharti. Mwaka 2013 mchumi Heidi Williams alichapisha matokeo ya kulinganisha jeni zilizopita mikononi mwa Celera na zile zilizokuwa wazi tangu mwanzo. Zile za Celera zilifuatiwa na utafiti na vipimo vya maabara pungufu kwa asilimia 20 hadi 30, ingawa zilifungiwa kwa miaka miwili tu au chini ya hapo.

Uzito huo niliuonja mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu, nilishiriki mradi wa nchi tatu. Sampuli tulizichukua sisi, tukitembea na maboksi ya barafu nyumba kwa nyumba. Data ikaishia kwenye kompyuta ya mkuu wa mradi, na kila jedwali tuliliomba kwa barua. Mwenzangu mmoja alikuwa na wazo zuri. Jibu la barua yake lilipofika, ufadhili wake ulikuwa umekwisha.

Najua hofu iliyopo humu ukumbini: tukiweka data wazi, wenye kompyuta kubwa watatutangulia kuchapisha. Hofu hiyo ni ya haki. Januari 2003, mkutano kuhusu data ya jenomu huko Fort Lauderdale, Marekani, uliwataka watumiaji wa data waheshimu nafasi ya waliozalisha kuchapisha uchambuzi wao wa kwanza. Lakini hilo lilitegemea staha tu. Ndiyo maana katika mradi ninaouongoza tumekaa wote, wakiwemo wachukua sampuli, tukaandika tarehe ya kufungua data na majina ya watakaoandika makala ya kwanza. Tuliyatia saini hayo kabla ya boksi la kwanza la barafu kutoka maabara.