Unga wa Protini ya Maziwa: Kilichomo Ndani ya Kopo



Mnyanyua vyuma anapofika dukani hukuta makopo matatu yanayofanana, kila moja na bei yake, na kwa kawaida huambiwa kuwa lililo ghali ndilo bora. Si lazima iwe hivyo.

Maziwa ya ng'ombe yana protini za aina mbili. Takribani asilimia 80 ni kasini, ile inayoganda na kuwa jibini. Iliyobaki ni wei, iliyomo katika maji yanayochujwa jibini linapotengenezwa. Zamani viwanda vingi viliyamwaga maji hayo. Leo hukaushwa na kuuzwa kwa bei ya kutisha. Wei humeng'enywa upesi, kasini huganda tumboni na kumeng'enywa polepole. Zote mbili humfaa anayefanya mazoezi. Asiyefanya, kopo halitamtunishia misuli.

Wei nayo ina madaraja. Konsentreti wanayouziwa wanamichezo mara nyingi ina protini karibu asilimia 80, pamoja na sukari ya maziwa kiasi. Aisoleti hufikia asilimia 90, na sukari hiyo imeondolewa karibu yote. Kwa mtu anayejaa gesi au kuharisha akinywa maziwa, nyongeza ya bei ina maana. Haidrolaizeti imekwisha kuvunjwavunjwa kiwandani. Ni ghali, ni chungu, na kwa mtu wa kawaida hatuoni faida inayolingana na gharama.

Tazameni lebo. Gawanyeni gramu za protini kwa uzito wa kijiko cha kupimia: 24 kwa 30 ni asilimia 80. Kijiko cha gramu 30 kikiwa na protini gramu 15, nusu ya unga mlionunua ni kitu kingine, pengine sukari.

Hata tarakimu hizo zaweza kuchezewa. Kipimo kilichozoeleka maabara hupima naitrojeni, si protini yenyewe. Mjanja huongeza glaisini, asidi-amino ya bei nafuu, na hesabu ikapanda. Nchini China, maziwa yalitiwa melamini kwa hila hiyohiyo, na kashfa ilipofichuka mwaka 2008 watoto wachanga walikuwa wamekufa. Basi someni orodha ya viambato. Glaisini ikitajwa humo, ulizeni sababu. Unga uliopimwa katika mfuko usio na lebo msiununue kabisa.

Kwa kulinganisha, glasi ya maziwa ya mililita 250 ina protini gramu 8 hivi, na yai moja gramu 6. Mwenye maradhi ya figo amwone daktari kabla ya kufungua kopo lolote.