Somo la Tano: Kompyuta Zinapotofautiana Juu ya Hali ya Hewa

Juma lililopita tuliona jinsi vipimo vya joto, upepo na mkandamizo wa hewa vinavyokusanywa kutoka vituo, meli, ndege na setilaiti, kisha kompyuta ikakokotoa hewa itakavyokuwa siku zijazo. Leo tutazame jambo linalowatatiza wengi. Kompyuta mbili zimepewa vipimo karibu sawasawa; moja yasema tufani inakuja, nyingine yasema haiji. Tusadiki ipi?

Tuchukue mfano wa kweli. Tarehe 22 Oktoba, 2012, dhoruba ilizaliwa katika bahari ya Karibi, ikaitwa Sandy. Kwa desturi, tufani za huko zikikaribia pwani ya Marekani hupinda kwenda kaskazini mashariki, zikapotelea bahari kuu ya Atlantiki. Hesabu ya Marekani ilisema Sandy nayo itafuata njia hiyo. Lakini hesabu ya kituo cha nchi za Ulaya, chenye makao yake Reading, Uingereza, ilionyesha kiasi cha juma moja kabla kwamba tufani itageuka magharibi na kuipiga nchi kavu. Njia ngeni kabisa! Sababu ni kwamba mkandamizo mkubwa wa hewa karibu na Greenland ulikuwa umeifungia njia yake ya kawaida.

Fikirini mngekuwa wakuu wa mji. Mkiwaamuru watu wahame na tufani isije, safari nyingine hawatawasikiliza. Msipowaamuru na ikaja, watakufa maji.

Siku nne hivi kabla, hesabu ya Marekani nayo ilikuja upande wa ile ya Ulaya. Tarehe 28 watu kiasi cha 375,000 wa sehemu za chini za New York waliamriwa kuondoka, na jioni treni zikasimamishwa. Tarehe 29 Sandy ilipiga pwani ya New Jersey, na bahari ikafurika hata ndani ya njia za treni zilizo chini ya ardhi. Katika mji wa New York peke yake walikufa watu zaidi ya 40.

Wengi walisema Ulaya ilishinda kwa sababu ya kompyuta yake kubwa. Ni kweli kwamba kompyuta huigawanya hewa katika miraba, kama wavu wa mvuvi. Macho ya wavu wa Ulaya wakati ule yalikuwa ya kilometa 16 hivi, na ya Marekani 27 hivi. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa kisa hasa kilikuwa mawingu ya ngurumo. Hayo ni madogo, hupenya macho ya wavu kama dagaa, na kila hesabu hulazimika kuyakadiria kwa namna yake. Tofauti ndogo ya makadirio, baada ya siku saba, ikawa tofauti ya mamia ya maili.

Basi msiape kwamba mtafuata ya Ulaya siku zote. Januari 2015 hiyohiyo ya Ulaya iliuonya mji wa New York juu ya theluji kubwa mno, na ile ya Marekani ikataja kiasi kidogo. Watabiri walitangaza sentimeta 60 au zaidi, treni zikafungwa usiku, na kulipokucha bustani kuu ya mji ilikuwa na sentimeta 25 tu. Dhoruba ilikuwa imepita mashariki kidogo. Boston ndiyo iliyofunikwa.

Tofauti yenyewe ni habari. Hesabu zikipatana juu ya siku ya tano, panga kazi yako kwa moyo mkunjufu zaidi. Zikipingana, usiichague ile inayokupendeza, kama afanyavyo mtu mwenye mahindi yaliyoanikwa. Ngoja kesho uone ipi imemwendea mwenzake. Picha ya wingu mnayoiona katika simu mara nyingi imetoka katika hesabu moja tu. Nanyi wavuvi, idara ya hali ya hewa ikitoa onyo, lifuateni. Watabiri wake wamekwisha kuzilinganisha hesabu nyingi kabla yenu.

Kwa juma hili chukueni daftari. Kila asubuhi andikeni utabiri wa siku ya tano mbele kutoka mahali pawili tofauti, na siku hiyo ikifika, andikeni mvua iliyonyesha kweli. Tutayafungua madaftari hayo katika somo lijalo.