Feni ya Giaboksi ya Trekta Ndogo

Katika zile trekta ndogo zisizobadilishwa gia kwa mkono bali ziendazo kwa nguvu ya oili isukumwayo na pampu, hutokea mara nyingi kwamba chombo hupanda mlima vyema asubuhi, lakini ifikapo adhuhuri, oili ikiisha kupata joto na kuwa nyepesi kama maji, hulegea na kukataa kuvuta. Na mwenyewe, kwa ghadhabu, huituhumu pampu, ambayo bei yake si haba, ilhali pengine mkosaji hasa ni feni ya plastiki ya kupoza giaboksi, iliyofungwa kwenye shafti ya pampu, ambayo mapanga yake yamevunjwa na kijiti tu.

Basi zima injini, chomoa ufunguo, tia kabari magurudumuni, na usubiri chuma kipoe. Fungua nati, ivue feni, kisha, kabla ya kutia mpya, safisha kwa brashi mapezi ya giaboksi yaliyogandwa na majani na vumbi lenye mafuta. Kuunga panga kwa gundi, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, siafiki hata kidogo: feni isiyo na mizani huitikisa shafti, na sili ikaanza kuvuja. Feni mpya izungushe kwanza kwa kidole; ikigusa kitu, usiwashe injini.