Mshtakiwa, Silaha na Neno la Mahakama



Tumeombwa kuzungumzia swali lenye miiba: mtu aliyeshtakiwa, ila hajapatikana na hatia, je, serikali yaweza kumpokonya bunduki anayoimiliki kihalali? Wengi wetu hatuna bunduki wala hatuitamani. Lakini haki hupimwa inapomhusu mtu tusiyempenda.

Tuanze Marekani, ambako haki ya kumiliki silaha imo katika Katiba tangu 1791. Sheria ya huko humkataza aliyeshtakiwa rasmi kwa kosa la kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja kupokea bunduki nyingine, lakini haimwamuru kusalimisha alizo nazo. Tarehe 21 Juni 2024, katika kesi ya Rahimi, iliyotokana na amri ya kumlinda mwanamke dhidi ya mpenzi wake wa zamani, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji 8 dhidi ya 1 kwamba mtu ambaye mahakama imemwona kuwa tishio la kweli kwa usalama wa mwenzake aweza kunyang'anywa silaha kwa muda. Tuyashike maneno matatu: mahakama, tishio, muda.

Kwetu Kenya kumiliki bunduki si haki ya kikatiba. Ni ruhusa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Aliyeitoa aweza kuifuta. Hapo ndipo tunapopaswa kukesha, kwani twajua dola hufanya nini silaha inapotafutwa bila hakimu. Mnamo Februari 1984, wanaume wa Kidegodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, kwa sababu jamii yao ilidaiwa kuficha bunduki. Hawakushtakiwa. Walikaa juani bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Walionusurika wanasema waliokufa ni wengi mno kuliko hao.

Katiba ya wakati ule ilitamka kwamba mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Maneno hayo hayakumwokoa mtu pale Wagalla. Na mwaka 1988 Bunge la chama kimoja liliwaondolea majaji ulinzi wa kazi zao. Jaji anayeweza kufutwa wakati wowote angemteteaje mnyonge?

Leo Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 chamlinda mshtakiwa, na cha 47 chamtaka afisa atoe sababu kwa maandishi anapomnyima mtu haki yake. Basi tudai yafuatayo. Tishio lithibitishwe upesi mbele ya hakimu, na mtuhumiwa asikizwe. Amri ya kumpokonya silaha iwe na kikomo. Akiachiliwa na tishio likiwa limekwisha, arudishiwe. Na jamii nzima isiadhibiwe kwa bunduki ya mmoja.

Hatusemi kwamba mume aliyetishia kumwua mkewe aachiwe bastola hadi siku ya hukumu. Mke huyo naye ni jirani yetu, na uhai ukipotea haurudi. Tunasema aliye na mamlaka ya kumpokonya awe hakimu huru, si afisa anayetumwa na mkubwa wake.

Nikodemo aliwauliza wakuu wenzake kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia. Walimdhihaki. Nasi tukidhihakiwa, tuendelee kuuliza, kanisani na barabarani.

Mungu aibariki nchi yetu.