Ugonjwa wa Sainasi si wa Aina Moja

(Hotuba kwa semina ya wahudumu wa afya wa vijijini na viongozi wa vikundi vya akina mama)



Nimeombwa nizungumze juu ya ugonjwa wa sainasi. Mnaujua. Mtu pua imeziba mwezi hadi mwezi, kamasi nzito inateremka kooni, uso unauma, na chakula hakina harufu tena. Wengine husema, "Aa, ni mafua tu." Lakini mama asiyesikia harufu hawezi kujua kama maziwa yameharibika, au kama gesi ya jikoni inavuja. Na pesa zinazokwenda kwa dawa zisizofaa ni karo ya mtoto. Kwa hiyo jambo hili si dogo.

Tuanze na mwili wenyewe. Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vyenye hewa: kwenye mashavu, juu ya macho, katikati ya macho, na vingine ndani zaidi nyuma ya pua. Hivyo ndivyo sainasi. Kila chumba kina kijitundu cha kutolea kamasi, na ukuta wake una vinyweleo vidogo sana vinavyofagia kamasi hiyo hadi puani. Mafua yakija, ukuta unavimba na kijitundu kinaziba. Kwa kawaida huisha kwa siku chache. Uvimbe ukidumu wiki 12 au zaidi, tunasema ugonjwa umekuwa wa kudumu.

Sasa mtaniuliza, kwa nini usiishe? Zamani ilidhaniwa ni viini tu vilivyokataa kufa, na mgonjwa alipewa dawa ya kuua bakteria mara kwa mara. Leo tunajua kwamba kwa wengi, taabu kubwa ni kinga ya mwili yenyewe. Askari wa mwili wameitwa vitani na hawataki kurudi kambini. Tena askari hao ni wa vikosi tofauti.

Kikosi cha kwanza kazi yake ni kupigana na virusi na viini vinavyojificha ndani ya seli, kama vile vya kifua kikuu. Ujumbe wake mkubwa ni kemikali iitwayo interferoni gama.

Kikosi cha pili kiliumbiwa kupigana na minyoo. Ndicho hicho hicho kinachohusika na pumu na mzio, yaani aleji. Askari wake ni chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, na wajumbe wake ni intalukini ya 4, ya 5 na ya 13. Kikifanya fujo puani, kamasi huwa nzito ya kunata, harufu hupotea, na mara nyingi huota vinyama laini, yaani polipi, katika pua zote mbili. Wengi wa wagonjwa hawa wana pumu pia.

Kikosi cha tatu hupigana na bakteria na ukungu. Ujumbe wake ni intalukini ya 17, na askari wake ni nutrofili, wale wale wanaofanya usaha. Hapa kamasi huelekea kuwa ya usaha.

Msidhani vikosi hivi havichanganyiki. Mgonjwa mmoja aweza kuwa na viwili au vyote vitatu. Na kwa kutazama pua kwa macho tu huwezi kuwa na hakika. Daktari wa masikio, pua na koo huingiza kamera ndogo, hupiga picha, na akikata kinyama hukipeleka maabara kuhesabu eosinofili.

Tena mahali na mahali hutofautiana. Huko Ulaya na Marekani, wenye polipi wengi ni wa kikosi cha pili. Katika nchi za Asia ya Mashariki, wengi zaidi walionekana kuwa na nutrofili au mchanganyiko. Lakini uchunguzi wa Korea Kusini na Thailand umeonyesha kwamba hata huko eosinofili zimeongezeka kadiri miaka inavyopita. Na jirani zetu wa Sudan wana aina nyingine: ukungu uitwao Aspergillus flavus huweza kuingia sainasi na kula mfupa polepole hadi jicho linasukumwa nje. Kwa hiyo tusichukue dawa iliyomponya jirani tukadhani ni yetu.

Basi, kujua vikosi kunatusaidia nini?

Kwanza, dawa ya steroidi ya kupuliza puani hufanya kazi vizuri zaidi kwa kikosi cha pili, ingawa na wengine huwafaa. Haileti nafuu kwa siku moja. Itumike kila siku kwa majuma kadhaa. Mgonjwa ainamishe kichwa kidogo, apulize tundu la kushoto kwa mkono wa kulia, na la kulia kwa mkono wa kushoto, ili dawa isipige ukuta wa katikati. Vidonge vya steroidi ni vya muda mfupi, na kwa amri ya daktari, kwa sababu hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa.

Pili, siku hizi kuna sindano zinazozuia wajumbe wa kikosi cha pili. Mojawapo ni dupilumab, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2019 kwa wagonjwa wenye polipi. Bei yake ni kubwa mno kwa wengi wetu. Lakini ni ushahidi: ukinyamazisha mjumbe, vinyama hupungua na harufu hurudi.

Tatu, mwenye polipi na pumu aulizwe juu ya aspirini. Baadhi yao wakimeza aspirini au ibuprofeni hubanwa kifua vibaya sana, hata kufa. Swali hili moja laweza kuokoa maisha.

Nne, kama ni upande mmoja tu, na kamasi inanuka, tazameni meno ya juu. Jino lililooza huweza kupeleka usaha sainasi, na hapo bila kutibu jino hakuna kupona.

Kuna tiba moja inayofaa vikosi vyote, nayo iko jikoni: kuosha pua kwa maji ya chumvi. Chemsha maji yatokote kwa dakika moja. Ninyi wa nyanda za juu zinazopita mita 2,000 yatokote dakika tatu. Yapoe yawe vuguvugu. Katika nusu lita tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa. Inama juu ya karai, fungua mdomo, mimina polepole tundu moja yatokee la pili. Usitumie maji mabichi kamwe. Pia punguzeni moshi jikoni na sigara nyumbani, maana moshi huwalemaza wale wafagiaji wa kamasi. Na matone ya kuzibua pua yanayouzwa dukani yasipite siku tano. Yakizidi, pua huziba zaidi.

Mwisho, msingoje mkiona haya: jicho kuvimba au kuona vitu viwiliviwili, kichwa kuuma sana pamoja na shingo kukakamaa, au upande mmoja wa pua kuziba na kutoa damu. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mkimpeleka mgonjwa, mwandikieni daktari: ameugua wiki ngapi, upande mmoja au zote, harufu ipo au haipo, pumu ipo au haipo, na dawa alizokwisha kumeza. Barua hiyo fupi itamsaidia daktari kujua ni kikosi gani anachokabiliana nacho.

 Sasa tuulizane maswali.