Kompyuta Iliyogoma Kuwaka

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kompyuta moja iliyogoma kuwaka huku Zirai, milimani Usambara. Wako watakaosema mzee huyu sasa ameishiwa maneno. Lakini nisikilizeni, maana kompyuta hiyo ilinunuliwa kwa fedha za iliki za dada yangu, mavuno ya msimu mzima, na aliyeiunda ni mwanawe, mpwa wangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne na asiye na ajira.

Nia yake ilikuwa kufungua kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Mtu wa huku akitaka karatasi mbili za maombi ya kazi hushuka bondeni kwa gari, nauli ikawa kubwa kuliko karatasi zenyewe. Kompyuta nzima ilimshinda bei, akanunua vipande: kasha la mtumba, pawasaplai, mazabodi, prosesa, vijiti viwili vya ramu na diski. Akaviunganisha juu ya meza ya jikoni.

Akabonyeza swichi. Feni ikazunguka sekunde moja, ikazima. Ikajaribu tena yenyewe, ikazima. Hivyo hivyo mpaka akachomoa waya ukutani.

Akampigia simu muuzaji. Jibu likawa jepesi: mazabodi imekufa, lete shilingi laki moja na themanini uchukue nyingine. Dada akaanza kuhesabu mbuzi wake. Nami, nakiri, nilimwambia kijana, "Mjomba, uzeni mbuzi yaishe."

Akanijibu, "Mjomba, wewe ulikuwa fundi redio. Redio ikikataa, ulimwambia mteja akanunue nyingine?"

Swali hilo liliniuma. Sisi mafundi wa redio za mbao hatukuwa na vipuri vya kununua kwa kukisia. Ulitenganisha, ukabakisha kile kidogo kabisa kinachoweza kufanya kazi, kisha ukarudisha kimoja kimoja mpaka ubovu ujitaje.

Na kompyuta, ndugu zangu, ikiwashwa hujikagua yenyewe kabla ya kuonyesha chochote. Kwa hiyo kugoma kwake si kwa namna moja. Isiyotoa dalili yoyote ya uhai inakutuma kwenye umeme: soketi, waya, swichi iliyo nyuma ya pawasaplai, na zile nyaya nyembamba za swichi ya mbele. Inayozungusha feni huku skrini ikiwa giza, mara nyingi ramu haijakaa vizuri, au imesahauliwa plagi ndogo ya volti 12 inayolisha prosesa. Wengi huchomeka ile kubwa ya pini 24 wakadhani wamemaliza. Na inayowaka na kuzima papo hapo, huenda inapiga shoti mahali. Pawasaplai nzuri ikihisi shoti hujizima isiunguze vitu. (Hiyo pawasaplai yenyewe usiifungue hata ukiwa umechomoa waya. Ndani mna kapasita zinazobaki na umeme.)

Basi tukachomoa umeme, tukatoa diski, tukaitoa mazabodi nje ya kasha na kuilaza juu ya boksi lake la karatasi ngumu. Ikabaki na prosesa, feni yake na kijiti kimoja cha ramu. Kijana akagusanisha pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi. Feni ikazunguka, ikaendelea kuzunguka. Hakuna aliyesema neno pale jikoni.

Mazabodi ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye kasha. Kasha lile la mtumba liliwahi kubeba mazabodi ya umbo jingine, na kiguu kimoja cha shaba, hakizidi punje ya hindi, kilibaki mahali ambapo mazabodi mpya haina tundu. Kikawa kinagusa mgongo wake penye lehemu.

Tulipong'oa kiguu na kurudisha vyote, mashine haikuzima, ila skrini ikawa nyeusi. Nikachomoa spika ndogo kwenye redio yangu mbovu, tukaiunga kwenye pini za spika. Ikalia mara kadhaa. Milio hiyo hutofautiana kwa kila mtengenezaji, lakini kitabu cha ile yetu kilisema: ramu. Kijana akavitoa vijiti, akavisukuma tena mpaka vibanio vikalia ka! Alikuwa akiogopa kukandamiza. Skrini ikawaka.

Nilikumbuka mambo ya zamani. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Ulikuja kulegezwa miaka ya 1980. Miaka ile sikuwahi kumwona mtu aliyekuwa ameigusa. Sasa moja ilikuwa inaunguruma jirani na chungu cha maharage.

Dada hakuvutiwa na historia hiyo. Aliuliza kama muuzaji angemrudishia laki moja na themanini zake baada ya kugundua mazabodi ya pili nayo inazima vilevile, maana kiguu kingekuwa palepale. Nikainamisha kichwa.

Mteja wa kwanza alikuwa jirani, na barua ya kuomba kazi ya ulinzi. Alilipa shilingi mia tano. Mbuzi bado wako watano.